Mtambo wa Akiba si Anasa

Hakuna mwananchi asiyelijua neno hili: "Mtandao uko chini, rudini kesho." Hulisikia mama aliyefika dirishani hospitalini akiwa na mtoto mgongoni. Hulisikia mkulima aliyetoka kijijini alfajiri ili akalipie kiwanja chake. Hulisikia pia kijana ambaye siku ya mwisho ya kupeleka maombi yake ni leo hiyohiyo. Mama yule hana haja ya kujua seva ni kitu gani. Anachojua ni kwamba fedha anazo, daktari yupo na dawa ipo, lakini karatasi ya kumtoa dirisha hili na kumpeleka dirisha lile haitoki, kwa sababu mashine fulani, iliyo mahali asipopajua, imezimika.

Zamani ofisi ilipopoteza jalada, aliyeumia alikuwa mwenye jalada lile. Siku hizi mashine moja ikisimama, foleni za mikoa mizima husimama pamoja nayo. Hatusemi hivyo kwa kuilaumu kompyuta. Huduma za kutuma pesa kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, na malipo ya Serikali yakaanza kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki mwaka 2017. Tangu hapo safari nyingi zisizo za lazima zimepungua na mianya mingi ya kuiba fedha za umma imezibwa. Hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka turudi kwenye vitabu vya stakabadhi. Lakini kadiri tunavyozidi kuziweka shughuli za umma ndani ya mitambo, ndivyo wajibu wa kuhakikisha kwamba mitambo hiyo haisimami unavyoacha kuwa shauri la fundi peke yake, ukawa shauri la uongozi.

Kwa sababu hiyo leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachwa kwenye vyumba vya mafundi: mitambo ya akiba, yaani vile vifaa vya pili vinavyowekwa ili cha kwanza kikifa kazi iendelee. Wako watendaji wanaoviona vifaa hivyo kuwa anasa. Wako wengine wanaovinunua, wakavifungia na kusahau. Makundi yote mawili yanakosea, na kosa la kundi la pili ndilo la hatari zaidi kwa sababu lina sura ya usalama.

Akiba yenyewe ni nini?

Seva ni kompyuta kama nyingine, isipokuwa kazi yake ni kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kulala. Ndani yake vimo vitu ambavyo ni lazima vife siku moja. Feni huzunguka mpaka ikachakaa. Diski zinazotunza kumbukumbu huchoka. Kifaa cha kuipatia mashine umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, huungua. Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza vitu visivyokufa, na fundi anayengojea kukipata hicho atangojea milele.

Wataalamu walilitambua jambo hili mapema. Mtaalamu wa hesabu John von Neumann, katika mihadhara aliyoitoa Marekani mwaka 1952 na kuchapishwa mwaka 1956, alionyesha kwamba inawezekana kujenga chombo cha kuaminika kwa kutumia vipande visivyoaminika, mradi vipande hivyo viwe vingi kuliko vinavyohitajika na vipangwe kwa akili. Mwaka 1974 ilianzishwa huko Marekani kampuni ya Tandem, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta zenye kila kiungo muhimu zaidi ya kimoja. Mashine yake ya kwanza ilipelekwa katika benki ya Citibank mwaka 1976. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kuunganishwa zikafanya kazi kama moja, na mpangilio ukaendelea hata moja yake ikifa.

Tangu hapo utaratibu umekuwa wa kawaida. Seva nzuri ina pawasaplai mbili, kila moja ikipokea umeme wa njia yake. Ina feni zaidi ya zinazotosha. Ina milango miwili ya mtandao, kila mmoja ukielekea kwenye swichi yake. Diski zake huandika kila jambo mahali pawili. Au mojawapo hutunza hesabu ya jumla, inayowezesha kilichopotea kukokotolewa upya: mtu anayejua jumla ya namba tano na kuziona nne kati yake hashindwi kuitambua ya tano. Nje ya seva yapo mabetri ya kuushika umeme kwa dakika chache mpaka jenereta inguruke, na mitambo ya kupoza hewa ambayo nayo haipaswi kuwa mmoja. Na mbali kabisa, katika mji mwingine, panapaswa kuwa na kituo cha pili chenye kumbukumbu zilezile.

Faida yake inapimika. Mashine inayofanya kazi siku 99 katika kila siku 100 husifiwa na wengi. Lakini siku moja katika mia, kwa mwaka mzima, ni saa 87 na zaidi za kusimama, yaani siku tatu na nusu ambazo dirisha la yule mama limefungwa. Zikiwekwa mashine mbili za aina hiyo, ambazo kifo cha moja hakihusiani na kifo cha nyingine, uwezekano wa zote kusimama kwa pamoja ni mmoja katika 10,000, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka. Fedha zimeongezeka mara mbili, lakini shida imepungua mara mia. Huo ndio uchumi wa akiba, na asiyeuelewa asikabidhiwe bajeti ya mitambo.

Mahindi ya Taifa

Mtendaji atauliza: kwa nini nchi yetu, yenye vijiji vinavyohitaji maji na shule zinazohitaji madawati, inunue mashine ambayo kutwa kucha haina kazi? Ni swali la haki, na linastahili jibu la haki.

Tunalijibu kwa kuuliza jingine. Je, mahindi yaliyomo katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ni anasa? Hayaliwi mwaka wenye mvua njema. Yamekaa, yanalindwa, yanatumia fedha. Hata hivyo hatujapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akisema maghala ya Makambako yafungwe kwa kuwa mwaka huu hakuna njaa. Vivyo hivyo bwawa la umeme la Julius Nyerere halikujengewa mtambo mmoja mkubwa. Lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, ili mmoja ukisimamishwa kwa matengenezo mingine iendelee kuzunguka. Katika chakula na katika umeme tumekwisha kuielewa hekima hii. Kilichobaki ni kuielewa katika kumbukumbu za wananchi.

Lakini ghala linatufundisha jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha maoni yetu leo. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote kwa wahenga, mtunza ghala anajua kwamba mahindi huoza. Ndiyo maana hukaguliwa, hufukizwa dawa, ya zamani yakauzwa na mapya yakanunuliwa. Ghala lililofungwa miaka mitano bila kufunguliwa, hata mlangoni paandikwe "Akiba ya Taifa", ndani yake huenda ikawa ni vumbi na wadudu. Mtambo wa akiba uko hivyohivyo. Huoza kwa njia tatu, na kila njia ina ushahidi wake ulimwenguni.

Kufa pamoja

Njia ya kwanza ni akiba kufa pamoja na kile inachokiakibia. Hesabu yetu ya mmoja katika 10,000 ilikuwa na sharti: vifo viwili visihusiane. Sharti hilo husahauliwa mara nyingi.

Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Ilikuwa na kompyuta mbili za kuijulisha mwelekeo, ya kazi na ya akiba. Zilikuwa sawa kwa kila kitu, na programu zake zilikuwa zilezile. Namba moja ilipozidi ukubwa uliotarajiwa, ya akiba ilizimika, na ya kazi nayo ikazimika muda usiofika hata sekunde moja baadaye, kwa kosa lilelile. Kabla ya dakika moja kwisha roketi ilikuwa vipandevipande angani. Pacha hawezi kuwa mganga wa ndugu yake ikiwa wamezaliwa na ugonjwa mmoja.

Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski ilizouza zilikuwa na kosa katika programu yake ya ndani. Zikifika saa 32,768 za kuwashwa, zingekufa, na kumbukumbu zilizomo zisingeokolewa. Muda huo ni miaka mitatu na miezi kama tisa. Hebu afikiri msomaji: ofisi hununua seva, huweka diski nane mpya kwa siku moja, na huziwasha kwa saa moja. Katika karatasi diski hizo zinaakibiana. Kwa kosa kama hilo zote zingekufa kwa pamoja, kama waliokula sumu katika sahani moja. Mafundi wenye busara huchanganya diski za matoleo mbalimbali kwa sababu hiyo, na hawapuuzi matangazo ya kiwanda.

Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la ghorofa tano la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, lililojaa seva. Hakuna mtu aliyeumia, lakini wako wateja waliogundua asubuhi kwamba nakala rudufu walizozilipia nazo zilikuwa palepale palipoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo kumlipa fidia mteja mmoja kwa jambo hilo. Nakala iliyolala chumba kimoja na asili yake itaungua nayo.

Nasi hapa Afrika Mashariki tumeonja. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, Seacom na EASSy, zilikatika kwa siku moja katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikayumba vibaya. Nyaya zilikuwa mbili, za wamiliki mbalimbali, lakini zilipita katika bahari moja. Mwenye ofisi aliyejitapa kuwa na makampuni mawili ya intaneti aligundua siku ile kwamba alikuwa na ankara mbili na njia moja.

Kuelemewa

Njia ya pili haisemwi sana, nayo hutokana na tamaa ya kuonekana mbana matumizi. Ofisi inazo seva mbili. Mwanzoni kila moja inabeba theluthi ya uwezo wake. Mkuu anapita na kuuliza kwa nini mashine za bei kubwa hazifanyi kazi ya kutosha. Basi mifumo mipya inaongezwa, mwaka hadi mwaka, mpaka kila moja inabeba asilimia 70. Kila kitu kinakwenda vizuri, na mkuu anasifiwa. Siku moja ikifa, iliyobaki inatakiwa kubeba asilimia 140. Haiwezi, nayo inaanguka. Ofisi ile ilikuwa na akiba siku ya kwanza, lakini akiba hiyo ililiwa kidogo kidogo bila mtu kuandika kwamba imeliwa. Kanuni ni nyepesi na kila mkurugenzi anaweza kuikariri: penye mashine mbili, kila moja isibebe zaidi ya nusu ya inachoweza. Nafasi iliyo wazi ndiyo bidhaa iliyonunuliwa.

Kulala

Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: akiba kulala usingizi ambao hakuna anayejua kama ni usingizi au ni kifo. Kila msafiri wa basi ameliona tairi la akiba likiwa limefungwa. Ni wangapi wamewahi kuona likijazwa upepo kabla ya safari? Linagundulika kuwa halina upepo porini, usiku, penye pancha.

Seva ni mbaya zaidi ya basi, kwa sababu vifaa viwili vina tabia ya kuficha ugonjwa. Pawasaplai moja ikiungua, mashine haizimiki, kwani nyingine imebeba. Dirishani hakuna anayelalamika. Taa ndogo ya manjano inawaka nyuma ya mashine ndani ya chumba kilichofungwa, wiki baada ya wiki, na hakuna anayeingia kuitazama. Kwa macho ya mkuu ofisi bado ina mbili, ilhali kwa kweli imebaki na moja. Siku hiyo moja inapokufa watu husema ni bahati mbaya, kumbe bahati mbaya ilikwisha kutoa taarifa mwaka mmoja uliopita.

Na si vifaa tu. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab ya Marekani ilifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu katika seva yake kuu wakati fundi akihangaika usiku kuzirekebisha. Kampuni yenyewe ilieleza hadharani kwamba ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa imefanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa kwa sehemu ni nakala ya saa sita nyuma iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine. Hapo pana fundisho jingine: diski mbili zinazoandika jambo moja si nakala rudufu. Diski ya pili ni kama kioo, na kioo huonyesha hata kovu. Karani akifuta jina kwa makosa, limefutika kote kuwili kwa mara moja.

Hata kukabidhiana kazi kwenyewe kunataka mazoezi. Seva ya akiba hukaa ikisikiliza mapigo ya ile ya kwanza, na mapigo yakinyamaza huchukua usukani. Lakini kama kilichokatika ni waya wa kati yao tu, basi zote mbili zitajiona ndizo zenye madaraka, kila moja ikiandika mambo yake, na kumbukumbu kuvurugika. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Ndiyo maana wataalamu huweka msuluhishi wa tatu, ili upande wenye kura mbili ndio uendelee na wenye kura moja unyamaze. Mei 27, 2017, shirika la ndege la British Airways lilijifunza kwa uchungu kwamba kurudi ni kugumu kama kuondoka. Umeme wa kituo chake cha kompyuta ulikatwa, kisha ukarudishwa bila utaratibu na kuharibu mitambo. Abiria kama 75,000 walikwama.

Funzo la Daejeon

Yote tuliyoyaeleza yalikutana mahali pamoja Septemba 26, 2025. Siku hiyo jioni, mjini Daejeon, Korea Kusini, katika kituo cha taifa kinachotunza kompyuta za Serikali, kazi ya kuhamisha mabetri ya dharura ilikuwa ikiendelea ili yatenganishwe na seva. Mabetri hayo, ya aina ya lithiamu, yalikuwa yamewekwa kuwa kinga dhidi ya kukatika kwa umeme. Yalishika moto, na ilichukua saa zipatazo 22 kuuzima. Mlinzi ndiye aliyeichoma nyumba.

Mifumo 709 ya Serikali ilisimama, na 96 kati yake iliteketea. Huduma za posta na benki ya posta zilikwama siku chache kabla ya sikukuu kubwa ya Chuseok. Vitambulisho vya kwenye simu havikufanya kazi. Hata wafiwa waliotaka kupanga siku ya kuchoma maiti za ndugu zao kwa njia ya mtandao hawakuweza. Ghala la nyaraka za watumishi wa Serikali, lenye terabaiti 858, lilipotea lote. Halikuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno. Ilichukua majuma mengi kurejesha huduma.

Yafaa tukumbuke kwamba Korea Kusini haikuwa nchi changa katika mambo haya. Ni miongoni mwa nchi zinazosifika ulimwenguni kwa serikali mtandao. Ilikuwa na vituo vingine, Gwangju na Daegu. Kituo cha Gongju, kilichokusudiwa hasa kwa ajili ya maafa, kilikuwa kimejengwa lakini bado hakijaanza kazi yake kikamilifu. Na ilikuwa imekwisha kuonywa. Oktoba 15, 2022, moto wa mabetri ulizuka katika kituo cha Pangyo, na kampuni binafsi ya Kakao, ambayo programu yake ya ujumbe hutumiwa na karibu kila Mkorea, ikasimamisha huduma kwa siku kadhaa. Serikali na wabunge waliilaumu vikali kampuni hiyo kwa kutokuwa na akiba ya kutosha. Miaka mitatu baadaye yaliyompata jirani yakaipata Serikali yenyewe.

Ikiwa nchi tajiri na yenye ujuzi kama hiyo ilinaswa, sisi tusijidanganye kwamba kununua mashine mbili badala ya moja kumetumalizia kazi.

Wajibu wetu

Tunafahamu kwamba si kila kitu kinaweza kuwekewa akiba. Mfumo wa kuagizia vifaa vya ofisi ukisimama siku mbili hakuna atakayekufa. Mfumo wa hospitali, wa malipo, wa vitambulisho na wa benki ni jambo jingine. Nchi inayojenga uchumi wake haina budi kuchagua, na kuchagua kwa uwazi: huduma hii isisimame zaidi ya dakika kumi, hii saa nne, hii siku mbili. Kisha fedha zifuate mpangilio huo, wala zisifuate sauti ya mkuu wa idara anayejua kudai au ya mchuuzi anayejua kusifia bidhaa. Kujitegemea hakumaanishi kununua cha bei ya juu. Kunamaanisha kujua unachokitegemea, na kujua kitakachotokea siku kisipokuwapo.

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao. Kwanza, kila taasisi ya umma yenye huduma inayogusa maisha ya wananchi iwe na siku maalumu, walau mara mbili kwa mwaka, ya kuizima mitambo yake ya kwanza kwa makusudi na kuiacha ya akiba ibebe mzigo mzima. Kazi hiyo ifanywe wananchi wakiwa wamearifiwa na mafundi wakiwa wamesimama tayari. Nakala rudufu nazo zirejeshwe na kusomwa, kwani nakala isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Pili, matokeo ya jaribio yaandikwe na kufikishwa kwa wenye mamlaka, mabaya kwa mazuri. Wakaguzi wanapopita wasitosheke na kuhesabu mashine na kuona stakabadhi zake. Waulize maswali mawili: akiba hii ilibeba mzigo lini kwa mara ya mwisho, na ni kitu gani inachoshirikiana na ile ya kwanza? Je, ni umeme uleule, chumba kilekile, mkongo uleule, au programu ileile? Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuyafanya maswali hayo kuwa desturi.

Tatu, fedha za matengenezo zisiwe za kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ni rahisi kupata fedha za kuzindua mtambo mpya, maana uzinduzi una utepe na picha. Kubadilisha mabetri yaliyokwisha muda wake hakuna utepe. Lakini yule mama wa dirishani hahudumiwi na utepe.

Nne, tukome kumtafuta fundi mdogo wa kumlaumu kila mitambo inapoanguka. Fundi aliyeandika barua tatu kuomba diski na asijibiwe hana hatia. Na fundi anayeogopa kufukuzwa hatathubutu kufanya jaribio, wala hatasema ukweli kwamba ya akiba imekufa. Mwenye kujibu ni yule aliyekuwa na madaraka ya kutenga fedha na kuamuru jaribio, akaacha. Chama, ambacho kina wajibu wa kuisimamia Serikali, kinayo haki ya kumwuliza kiongozi huyo kwa niaba ya wananchi waliorudishwa kutoka dirishani.

Wako watakaosema kwamba kuzima mtambo unaofanya kazi ni kutafuta balaa. Ni kweli kwamba jaribio laweza kuleta hitilafu. Lakini hitilafu inayotokea mchana, wakati wataalamu wote wapo na mtambo wa kwanza ungali mzima, ni somo. Ileile ikitokea usiku wa manane, moto ukiwa umekwisha kuwaka, ni msiba. Siku ya kuanguka hatuichagui sisi, ila siku ya kujaribu tunaweza kuichagua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mitambo yetu hauonekani kwa macho, kwa maana umefichwa nyuma ya mtambo wa pili ambao hakuna aliyeuamsha. Uamshwe sasa, ubebe mzigo, tuone kama unasimama. Ukisimama, tutakuwa na akiba ya kweli. Ukianguka, tutakuwa tumelijua hilo mapema, kabla ya yule mama kufika dirishani na mtoto wake mgongoni.